Mama Bonyeza, Mwalimu wa Hesabu za Dawa

Marehemu, ambaye leo tunamsindikiza, alizaliwa tarehe 9 Machi 1966 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali. Alikuwa mtoto wa tatu wa baba mpiga chapa na mama mkunga. Mama yao alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alichelewa kusema, na alipoanza, alianza kwa kuuliza.

Alianza shule ya msingi mwaka 1973. Akiwa darasa la nne alinyoosha kidole, akakosea hesabu ya kugawanya, darasa zima likaangua kicheko na mwalimu naye akacheka. Hakunyoosha kidole tena mpaka alipomaliza shule. Hata hivyo alifaulu, akasomea uuguzi na kuhitimu mwaka 1988.

Alihudumu wodi ya watoto miaka kumi, kisha akahamishiwa chuo cha uuguzi kufundisha hesabu za dawa. Huko alikutana na uongo alioufahamu vizuri. Kila alipouliza, "Mmeelewa?" darasa liliitikia, "Ndiyooo," halafu mtihani ukaja kuwaumbua. Simu zilipoenea, walimu wenzake walizikusanya mlangoni kwenye kikapu. Yeye aliagiza ziwekwe mezani. Mara ya kwanza majibu yalitumwa kwenye namba yake mwenyewe, na kwa kuwa kila mtu alijua ataonekana, wote walinakili kwa binti mmoja wa mbele. Ndipo akatafuta programu isiyoonyesha majina: swali linatokea ukutani, wanafunzi wanabonyeza A, B au C, kinachoonekana ni idadi tu. Swali la kwanza lilihusu dozi ya mtoto mchanga. Wengi walichagua jibu la kuua. Darasa likanywea.

"Haya wanangu," akasema, "leo tumeua watoto wengi na hakuna msiba. Tuanze upya."

Jina la Mama Bonyeza lilianzia hapo. Mkuu wa chuo alikuja kuupiga marufuku mchezo huo, akapewa simu naye abonyeze. Alitoka akisema, "Endelea tu, mwalimu. Hata mimi nimo kwenye hao wauaji."

Tarehe 7 Desemba 1991 alikuwa amefunga ndoa na fundi redio. Fundi alikuja kuposa sebuleni kwao, mbele ya shangazi za marehemu. Binti akainamisha kichwa, shangazi wakapiga vigelegele wakijua kunyamaza ni kukubali. Kesho yake alimfuata fundi dukani peke yake. "Jana nilikuwa sijaamua," alimwambia. "Leo ndiyo nimekubali." Walijaliwa binti na mtoto wa kiume.

Mwishoni mwa mwaka 2022 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alipolazwa mara ya tatu, kila aliyeketi kando ya kitanda chake alimwambia atapona. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini safari hii waliokuwa wakificha ni wazima. Siku moja baada ya chakula cha mchana, simu za ndugu wote waliokuwa wodini zililia kwa pamoja. Swali lilikuwa: "Nikiendelea kulala hapa, nitapona? A: Ndiyo. B: Hapana." Chini yake aliandika: "Majina hayaonekani."

"Mama watoto, ndiyo mambo gani haya?" mumewe aliuliza.

"Bonyezeni. Sina nguvu za kubishana."

Kila mmoja aligeukia upande wake. Wanne walibonyeza B. Mmoja alibonyeza A. Marehemu aliyatazama majibu, na kwa mara ya kwanza tangu alazwe, uso wake ulitulia.

"Asanteni. Sasa nirudisheni nyumbani," alisema. "Na huyo wa A asiulizwe. Darasani kwangu aliyekosea hachekwi."

Alirudishwa nyumbani. Aliwaaga aliotaka kuwaaga, akachagua nguo ya kuzikwa nayo, akafariki mchana wa Jumapili, tarehe 14 Mei 2023, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, binti, mtoto wa kiume, mkwe, na mdogo wake anayesoma wasifu huu. Ndio wale watano wa wodini. Aliyebonyeza A yumo miongoni mwao, na hajaulizwa. Wale wanne wengine wangekubali kuchekwa maisha yao yote, mradi wawe wao ndio waliokosea.

Apumzike salama, Mama Bonyeza.