Salvina Selestine Kamili, Aliyetaka Hoya Zikue Upesi

Marehemu Salvina Selestine Kamili alizaliwa tarehe 14 Mei 1966 katika kijiji kilicho nje kidogo ya Ushirombo, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Selestine Kamili na marehemu Mama Sesilia. Mama yake alisimulia kwamba hata siku ile hakumsubiri mkunga. Alipokuwa na miaka sita alipewa tuta lake mwenyewe la karanga. Siku ya tatu akazifukua zote aone kama zimeota, akazifukia, na siku ya tano akazifukua tena. Tuta lile halikutoa kitu mwaka huo, na baba yake aliendelea kumtania mpaka siku ya harusi yake.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1974 na kuhitimu la saba mwaka 1980. Alikuwa hodari wa hesabu za kichwa, ila walimu walilalamika kwamba anajibu swali kabla halijamalizika kuulizwa. Mwaka 1983 alipata kazi ya jikoni misheni, na huko ndiko alikoliona ua la hoya kwa mara ya kwanza, limetambaa kwenye dirisha la Sista Euphrasia, majani manene yanang'aa kana kwamba yamepakwa mafuta. Sista alimkatia kipande chenye vifundo viwili vya majani, akamwambia, "Huu mmea ukishaupa mahali, uache hapohapo." Salvina alijibu, "Ndiyo, Sista," na neno hilo likaingia sikio la kulia likatokea la kushoto.

Tarehe 22 Oktoba 1988 alifunga ndoa na Bwana Benedict Ngassa, fundi seremala. Habari za dhahabu zilipovuma, mwaka 1990, walihamia Rwamgasa, yeye akiwapikia wachimbaji na mumewe akichonga matimba ya kuzuia maduara, yale mashimo ya kuchimbia, yasibomoke. Kila palipotajwa rashi mpya, yaani mahali dhahabu imeibuka, Salvina alishafunga mizigo. Walikaa nyumba saba kwa miaka kumi na minne, mpaka upande wa Buzwagi walifika, na Benedict alisema hajawahi kulalia kitanda alichokitengeneza zaidi ya misimu miwili. Hoya ilisafiri kwenye sufuria, imepakatwa. Kila ilipoanza kutoa vitumba ilihamishwa, navyo vikadondoka njiani. Binti yao wa pekee, Rhoda, alizaliwa tarehe 3 Agosti 1997, katikati ya safari hizo. Mwaka 2004 Benedict alijenga nyumba ya tofali hapa Kalangalala, akamwambia mkewe, "Safari nyingine nenda na ua lako." Salvina alinuna wiki nzima, halafu akabaki. Mwaka uliofuata hoya ikachanua kwa mara ya kwanza.

Mwaka 2009 alifungua bustani ya maua mbele ya nyumba, na wengi waliopo hapa walinunua kwake. Kila mnunuzi alipewa mmea pamoja na somo, apende asipende. Hoya haitaki udongo wa shambani, inataka chenga za mkaa, maganda ya mpunga, samadi ya mbuzi iliyooza vizuri na mchanga wa mtoni, ili maji yapite na mizizi ipumue. Iwekwe penye mwanga mwingi, lakini jua la mchana lisiipige. Isipewe maji mpaka udongo ukauke. Chombo kiwe kidogo, maana ikipewa chombo kikubwa inabaki na maji na kuoza. Samadi ilowekwe, ichujwe, iongezwe maji mpaka ifanane na chai ya rangi nyepesi, ndipo inyweshwe kila wiki mbili. Majani yafutwe vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, na vumbi la Geita tunalijua. Kile kikamba kirefu kisicho na majani kisikatwe, wala kikonyo kilichokwisha kuchanua, kwa kuwa maua mengine hutokea hapohapo. Aliyafahamu haya yote kwa kuwa alikwisha kukosea yote. Na bado alikuwa akienda kuzitazama hoya zake mara sita kwa siku, akizipima kwa vidole, akizigombeza kwamba zinazembea.

Rhoda alikulia katika bustani ile, na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wa mama yake. Ilikubaliwa kwamba akifikisha miaka ishirini atafungua bustani yake Kahama. Hapa ndipo wasifu huu unafika mahali ambapo marehemu mwenyewe aliamuru usiruke.

Mwezi Machi 2016, Nelly, mwenye nyumba ya wageni, ambaye yupo nasi leo, aliagiza hoya arobaini. Mvua ilikuwa imekata njia na mchanga wa mtoni ukachelewa. Salvina aliambiwa asubiri siku tatu. Hakusubiri. Alichukua toroli, akaenda kwenye lundo la marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa dhahabu, lililoachwa nyuma ya mwalo wa zamani wa kuoshea, akachanganya na mkaa wake na kupanda zote arobaini siku hiyohiyo. Baada ya wiki mbili majani yalikuwa njano na mizizi imekuwa kahawia, inakatika ukiigusa.

Nelly alipokuja kuchukua mzigo, majirani walikuwa wamejaa uani. Salvina alimwonyesha Rhoda kidole. "Huyu ndiye aliyeyaua. Namwambia maji kidogo, yeye anamwaga kama ananywesha ng'ombe."

"Mama, sijayamwagilia tangu Jumapili," Rhoda alisema.

"Kwa hiyo yamejiua?"

Watu walicheka. Neno lile halikuishia uani. Rhoda alipofungua kibanda chake Kahama mwaka uliofuata, wateja walipita wakisema maua ya huyu binti hayakai, mama yake mwenyewe kasema. Alifunga kibanda, akajifunza kushona, na kwa miaka sita hakukanyaga nyumbani.

Mwaka 2018 Salvina alitumia tena mchanga wa lundo lile kupandia miche kumi na miwili. Maji alimwagilia yeye mwenyewe, kwa kijiko. Ilikufa vilevile. Mzee Amosi, mchimbaji wa siku nyingi aliyepita kumsalimia, alichota mchanga kiganjani akautazama. "Mayu, haya si marudio? Haya yamepita kwenye dawa ya kukamatia dhahabu. Pale tulipokuwa tunayamwaga hata nyasi hazioti." Salvina alirudi ndani, akakaa kitandani na viatu vyake. Alijua tangu saa ile kwamba Rhoda hakuwa na kosa. Kila jambo maishani mwake alilifanya mbio, na hili moja, la kumwomba mwanawe radhi, akalifanyia uvivu.

Mwezi Aprili 2023 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akaanza kupelekwa Mwanza kusafishwa damu. Rhoda aliposikia alifunga cherehani yake, akarudi. Hakuuliza kitu. Alimpikia mama yake chakula kisicho na chumvi, akamwogesha, akashika na bustani. Salvina alimtazama kutoka kwenye kiti akifuta majani, jani kwa jani. Mara nyingi alianza. "Rhoda, ule mwaka wa Nelly..."

"Abee, mama."

"Geti umefunga?"

"Nimefunga, mama."

Mwezi Januari mwaka huu alimwita mdogo wake, Edward, anayesoma wasifu huu, aje na daftari. Alitamka, Edward akaandika. Edward alimwuliza kwa nini asimwambie mtoto mwenyewe, yupo hapo nje. Alijibu, "Nitamwambia. Lakini nilimsema mbele za watu, Edward. Nikimwomba radhi chumbani, huko nje ataendelea kuitwa muuaji wa maua. Andika." Tarehe 17 Februari 2025, Jumatatu, saa nne asubuhi, alifariki dunia, na kwa kadiri Edward anavyojua, hakuwahi kumwambia. Ukurasa huu haukupita mikononi mwa Rhoda. Edward aliupeleka steshenari mwenyewe, na Rhoda anausikia sasa, pamoja na ninyi.

Ameacha mume, Bwana Benedict Ngassa, wadogo wawili, Edward na Ghati, na binti mmoja, Rhoda.

Maneno yake ni haya, kama alivyoyatamka: "Ninyi mliokuwepo uani kwangu, na ninyi mliosimuliwa. Hoya za Nelly niliziua mimi, kwa marudio, kwa kuwa sikuweza kusubiri siku tatu. Rhoda alisema kweli nikamfanya achekwe na watu. Nimelijua hilo tangu mwaka 2018, na nimeona haya kulisema, mimi ninayesema kila kitu. Bustani ni yake. Mwanangu, nisamehe, na usinijibu leo. Jibu utakapokuwa tayari, mimi nitasubiri."

Bwana ampe dada yetu Salvina pumziko lenye amani.