Mama Bado na Kipande cha Droo ya Tisa

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na sita katika chumba cha visukuku cha jumba letu la makumbusho, mwenzetu anastaafu. Jalada lake la utumishi lina jina kamili. Sisi tunamwita Mama Bado, naye huitika.

Jina alijitafutia mwenyewe. Kazi yake ni kutambua nungu wa baharini, wale wanyama wa mviringo wenye miiba, waliogeuka mawe zamani za kale. Kumpata mzima ni bahati. Kwa kawaida huletwa kipande cha ukubwa wa ukucha, na kwa vitundu vyake tu useme ni mnyama gani. Ushahidi ukiwa hautoshi, Mama Bado huandika neno moja kwenye lebo: bado. Mumewe, fundi cherehani, anaapa kwamba hata posa yake ilijibiwa hivyo hivyo kwa miaka miwili.

Mwezi uliopita hatukucheka. Mkurugenzi alitangaza kwamba katalogi inakwenda kwa mchapaji, na hataki kuona bado hata moja. Masanduku yenye neno hilo yalikuwa sitini na moja. Mama Bado akafunga mlango, akawasha taa ya hadubini, na kwa siku tisa tukapita koridoni kwa kunyata. Mimi, ninayepiga chapa lebo meza ya pili, nilikosa hata hamu ya chai.

Siku ya kumi aliniita. Kipande kutoka sanduku la hamsini na nne alikuwa amekiunganisha na kile cha droo ya tisa, na ufa hauonekani. Kwa kipande hicho cha droo ya tisa alitangaza spishi mpya, ya pekee maishani mwake, akiwa kijana na bosi wa wakati huo akimharakisha. Mchoro wa mnyama huyo uko kwenye muhuri wetu, langoni, hata kwenye vikombe. Kwenye kipande cha sanduku mistari ilikuwa imenyooka, kwa hiyo sasa ilikuwa wazi kwamba ile mistari ya vitundu iliyompa sifa ilipindwa na uzito wa mwamba tu. Alikuwa nungu wa kawaida kabisa, aliyebanwa.

Tulijua sisi wawili tu. Nakiri, na naona haya, nilimshauri akirudishe sandukuni astaafu salama. Alinitazama juu ya miwani, kisha akaomba kalamu. Alilikata jina la spishi alilolitoa mwenyewe, akavilaza vile vipande kwenye pamba, akapanda ngazi kwa mkurugenzi kumwambia kwamba hayo ndiyo matunda ya haraka. Sauti zilitufikia hadi chini. Aliposhuka macho yalikuwa mekundu, lakini masanduku sitini yaliyosalia yameachiwa bado zake, na katalogi itachapwa hivyo.

Muhuri utabadilishwa. Mimi nimerithi hadubini, mto wa kiti chake uliochakaa, na woga wake wa kusema nisichokijua. Kwa hayo yote, asante.

Mama Bado, tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na mume asiyesubirishwa tena. Na siku tutakapopiga simu kuuliza kama umeshatusahau, jibu unalijua.