Dk. Nevena Karadzhova na Jeraha la Upande wa Pili

Ijumaa, tarehe 28 Juni 2024, Dk. Nevena Karadzhova anastaafu baada ya kuitumikia hospitali yetu miaka thelathini na minne, yote katika wodi ya mishipa ya fahamu, ghorofa ya tatu.

Msimu wa kuchuma matunda ya cheri huku kwetu ni msimu wa kuanguka, na kila aliyeteleza kwenye ngazi ya kuchumia alikutana na swali lake: "Ulianguka vipi? Nionyeshe." Siku moja alijilaza sakafuni mwenyewe ili aelewe maelezo ya mgonjwa. Mfagizi wetu, Ginka, akadhani amezimia, akaita machela.

Wengi tunamkumbuka kwa ajili ya Stamen, mchuma cheri mpole aliyegonga kisogo. Picha ya kichwa haikuonyesha kitu, akaruhusiwa kwenda nyumbani. Wiki tatu baadaye alikuwa akitukana majirani na kutupa sahani. Faili lilishaandikwa: ulevi. Mkewe, Tsvetana, alikuwa amefunga mizigo yake ili amwache.

"Daktari, huyu siye mume wangu," alisema. "Hata pilipili hoho za kuchoma anasema zina ladha ya karatasi."

Nevena alimwambia Stamen afumbe macho, akamsogezea kikombe cha kahawa puani.

"Unanusa nini?"

"Maji ya moto."

Akatueleza palepale: kisogo kikigonga chini, ubongo unaweza kurushwa mbele ukakwaruzwa na mifupa iliyo juu ya macho. Jeraha linakaa upande usiopigwa, penye uwezo wa kunusa na wa kuzuia hasira. Akampeleka mji mkuu, Sofia, kwa kipimo cha sumaku (MRI), na majeraha yakaonekana.

"Kumbe sina wazimu?" Stamen aliuliza, akaangua kilio. Tsvetana akamshika mkono.

Uwezo wa kunusa haukurudi. Hasira zilichukua mwaka na nusu kutulia, lakini mizigo ilifunguliwa.

Tulipompongeza, Nevena alikataa. "Niliyemruhusu siku ya kwanza ni mimi," alisema. "Sikumuuliza mkewe kitu." Tangu hapo, kila aliyeanguka huitwa tena baada ya wiki mbili, pamoja na mtu anayeishi naye. Kwa utaratibu huo wagonjwa kumi na mmoja wamegunduliwa mapema.

Dk. Nevena, asante kwa kutuonyesha kwamba daktari anaweza kukiri kosa na bado akaheshimiwa. Pumzika, ulale hadi uchoke kulala. Tunakuombea afya, furaha na siku nyingi zisizo na haraka.