Kapu la Ruthu

Mbukwenyi, wasikilizaji wapendwa. Hiyo ndiyo salamu ya Wagogo, na leo hatuwezi kuanza na nyingine. Kama una chungu jikoni, punguza moto kidogo, vuta kigoda, usogee karibu na redio.

Bibi Yudith wa Hombolo ametutoka. Alikuwa anakaribia miaka tisini, na amezikwa Jumanne. Narudia kwa waliochelewa kufungulia redio: Bibi Yudith wa Hombolo, yule wa makapu, ametutoka.

Ukisema "yule wa makapu", kuanzia Mpwapwa hadi Bahi hakuna atakayekuuliza ni yupi. Kapu lenyewe mnalijua. Unachemsha chungu chako, unakitumbukiza ndani ya kapu lililojaa makapi ya uwele, unafunika vizuri, unakwenda shamba. Ukirudi, chakula kimeiva. Moto hakuna, moshi hakuna. Wengi wetu tumekuzwa na chakula cha kapu hilo. Wachache mno wanajua kwamba kapu hilo hilo nusura limfukuze Yudith nyumbani kwake na kumtenganisha na mtoto wake. Ilikuwa enzi za Mjerumani, reli ilipokuwa bado inaitafuta Dodoma.

Yudith alizaliwa Mpwapwa, jirani na nyumba za wafanyabiashara wa misafara. Mmoja wa majirani hao aliitwa Waridi, mama wa Kiislamu aliyependa wageni kuliko usingizi. Msafara ukichelewa, Waridi alikivingirisha chungu cha wali kwenye blanketi ili kisipoe. Siku moja, kwa haraka, alivingirisha kunde zilizokuwa bado ngumu. Wageni walipofika na blanketi likafunguliwa, kunde zimelainika kabisa. Waridi akacheka, akasema blanketi limejifunza kupika. Watu wakala, wakanawa, wakasahau. Yudith, kibinti tu wakati ule, hakusahau.

Akaolewa Hombolo na kijana aitwaye Sila. Waliishi kwenye tembe, nyumba ile ya udongo yenye paa bapa la udongo, ambayo moshi wake hutoka kwa kusuasua kupitia mlangoni. Mama mkwe, Mama Sila, alikaa chumba cha upande wa pili wa ua. Na alikuwepo wifi yake, Ruthu, dada yake Sila, msichana aliyekuwa hajaolewa bado.

Hao wawili, wasikilizaji wapendwa, walikutana jikoni na hawakuachana. Waligombana juu ya mlenda kama wengine wanavyogombana juu ya mipaka ya mashamba. Ruthu alitaka karanga nyingi, Yudith akasema karanga zinaufanya mlenda uwe mzito wa kulalia. Kila mmoja alipika wake, wakabadilishana, na kila mmoja akala wa mwenzake mpaka akalamba vidole, ila hakuna aliyekubali kushindwa.

Kisha Ruthu akaugua kifua. Mama yake hakuwepo. Alikuwa amekwenda Bahi na wanawake wenzake kutengeneza chumvi, safari ya kila kiangazi. Ruthu akabaki mikononi mwa Yudith. Kila moto ulipowashwa, moshi ulimjaa mgonjwa, akakohoa mpaka akakosa nguvu ya kukaa. Na bila moto atakula nini?

Hapo ndipo Yudith alipolikumbuka blanketi la Waridi. Blanketi hakuwa nalo. Alikuwa na kapu kubwa na makapi ya uwele. Akachemshia chungu nje, mbali na mlango, akakizika ndani ya makapi. Siku ya kwanza hakikuiva, maana joto lilitorokea juu. Ruthu, akiwa amelala, akamwangalia anavyohangaika, akavua kaniki yake mabegani. "Kifunike na hii," akasema. "Kunja mara nyingi." Wakafunika. Jioni ile Ruthu alikula makande moto, na chumba hakina hata chembe ya moshi. Akamwambia, "Wifi, leo nimekula bila kutoka machozi."

Sikilizeni vizuri hapo. Kapu hili halikutengenezwa kwa uvivu. Lilitengenezwa ili mgonjwa ale bila kukohoa.

Ruthu hakupona. Alifariki, akazikwa siku hiyo hiyo, kama ilivyokuwa desturi. Mama Sila alirudi kutoka Bahi na mfuko wa chumvi kichwani, akakuta udongo wa kaburi bado mbichi. Mwanawe alimwacha mzima, na sasa hakumwona hata uso. Aliuchomeka ule mfuko juu kwenye boriti za tembe, na hakuufungua. Mwaka mzima alikula chakula kisicho na chumvi.

Yudith alikuwa amejifungua mtoto wa kike, Priska. Sila alikuwa mbali, kwenye tuta la reli upande wa Kikombo, akibeba mawe. Na kiangazi hicho kilichofuata maji yalikuwa ya kufukua kwenye mchanga wa korongo. Wanawake waliondoka alfajiri, wakasubiri maji yajichuje kikombe kwa kikombe, wakarudi jua limeshainama. Ndipo kila mmoja akaanza kuwasha moto, huku watoto wanalia. Kila mmoja isipokuwa Yudith, aliyechemsha chungu chake usiku wengine wakiwa bado wamelala. Yudith alitua mtungi, akaingia ndani, akatoka na chakula kinachofuka mvuke.

Mtu angeuliza. Hawakumuuliza. Walikaa wakaangalia mlango usiotoa moshi, na mdomo mmoja ukanong'oneza sikio moja. Nani anampikia? Jibu likapatikana haraka, kama kawaida ya majibu mabaya. Yudith, walisema, anafuga msukule. Amemchukua marehemu Ruthu, hakufa yule, amefichwa ndani ya kapu, na ndiye anayempikia mchana kutwa.

Maneno yakamfikia Mama Sila. Msimcheke, wasikilizaji wapendwa. Mama ambaye hakumwona mwanawe akifa, ukimwambia mwanao yu hai ndani ya kapu, ataacha kukuamini? Akachungulia chumbani kwa Yudith. Juu ya kapu, akaiona kaniki ya Ruthu.

Bibi Priska, yule mtoto mchanga wa Yudith, leo ni bibi mwenye wajukuu. Anatuambia hivi: "Mama alikuwa hawezi kumwanzia mkwe habari za marehemu. Hiyo ilikuwa adabu. Na bibi hakuuliza. Basi wakanyamaziana, mpaka ikawa kesi."

Kesi ililetwa kwa jumbe. Huyu jumbe aliwekwa na serikali ya Mjerumani, na kitu alichokiogopa kuliko simba ni wakubwa wa bomani kusikia kwamba kijijini kwake kuna fujo. Alifika asubuhi, watu wamejaa uani, kapu limewekwa katikati. Hakutaka maneno mengi.

"Kapu lichomwe," akasema. "Mwanamke arudi kwao Mpwapwa. Mtoto abaki kwa ukoo wa baba yake."

Yudith alimkaza Priska mgongoni. Mtoto alikuwa bado ananyonya. Alisema baadaye kwamba aliona Mpwapwa yote mbele yake na mikono yake mitupu.

Kijana mmoja akachukua kijinga cha moto. Ndipo Mama Sila alipojitupa juu ya kapu. "Msichome," akalia. "Mwanangu yumo humu. Ruthu, mama, toka. Nimerudi."

Kijana akakishusha kijinga. Na Yudith, aliyekuwa ameingia uwanjani na hofu ya kumpoteza mtoto, akamwona mbele yake mwanamke aliyekwisha kumpoteza wake. Hasira aliyokuja nayo ikamtoka. Akapiga magoti.

"Mama, usimwachie mtu," akasema. "Lifukue wewe mwenyewe. Kwa mikono yako."

Mama Sila akatoa kaniki kwanza, akaiweka shavuni. Kisha akachota makapi, konzi baada ya konzi, akitafuta. Alifika chini. Akapapasa kitako cha kapu. Hakukuwa na kitu ila makapi.

"Kaniki alinipa mwenyewe," Yudith akasema. "Moshi ulikuwa unamuua, mama. Nilimpikia kwa makapi ili asikohoe. Kaniki akasema tufunikie chungu. Siku ile alikula, akasema amekula bila kutoka machozi."

"Uongo," mtu akasema nyuma. "Chungu hakiivi bila moto."

"Basi asipike Yudith," akajibu Yudith mwenyewe, na sasa sauti yake ilisikika mpaka nje ya ua. "Mama apike. Kunde zake, chungu chake, mkono wake. Mimi nitakaa pale mbali na mtoto wangu. Kikiiva kwa mama, jumbe, utaniambia nani kati yetu ni mchawi."

Jumbe akamtazama mama mkwe. Mama Sila akajifuta uso, akaenda kuleta chungu.

Alipika kunde na mtama uliokobolewa. Alichemsha mpaka vikatokota kwelikweli, kwa maelekezo ya Yudith aliyekuwa anapaza sauti kutoka mbali. Akakiingiza chungu kwenye makapi, akakizika pande zote, akafunika na kaniki ya mwanawe, imekunjwa mara nyingi. Kisha akakaa kando ya kapu, na hakuna aliyeruhusiwa kulisogelea.

Sasa fikirini, wasikilizaji wapendwa. Kijiji kizima kimekaa uani kinalinda kapu. Hakuna wa kwenda kokote. Kwanza walikaa kimya, macho makali. Jua likapanda. Mwanamke mmoja akamnong'oneza mwenzake hivi mlenda wako huwa unaufanyaje usikatike. Mwenzake akamjibu. Wa tatu akadakia kwamba hapana, magadi yanatiwa mwanzo. Mwingine akaeleza anavyofukiza kibuyu cha maziwa kwa kaa la moto ili maziwa yasinuke. Kufikia adhuhuri ilikuwa si kesi tena, ni darasa la mapishi, na wanaume wamebaki wanameza mate. Mtu akasema mlenda bila karanga nyingi si mlenda. Kutoka kule mbali Yudith hakuweza kuvumilia.

"Karanga nyingi zinaufanya mzito," akasema.

Mama Sila akageuka ghafla. Maneno hayo aliyasikia mara ngapi yakitoka jikoni, na mwanawe akiyajibu? Mdomo wake ukataka kucheka, akauziba kwa kiganja. Hapo, anasema Bibi Priska, ndipo bibi yake alipojua moyoni mwake, kabla hata ya kufunua.

Jua lilipoinama, jumbe akasema sasa. Mama Sila akaondoa kaniki. Akafukua makapi. Akafunua mfuniko.

Mvuke ukampanda usoni. Ukapanda juu, ukatawanyika, na harufu ikauzunguka ua. Watu wakasimama wote. Akachota kwa upawa, akapuliza, akatia mdomoni. Kunde zilikuwa laini kama inavyotakiwa. Narudia: hakukuwa na moto, na kunde zilikuwa laini.

Mama Sila alitafuna polepole. Akameza. Kila mtu alimngoja aseme ni mchawi au si mchawi.

"Chumvi bado," akasema.

Akainuka, akaingia ndani ya tembe. Alitoka na ule mfuko wa Bahi. Akaufungua mbele yao, akatia chumvi kwenye chungu kwa vidole vyake, akakoroga. Kisha akachota sehemu ya kwanza, hakumpa jumbe. Alivuka uwanja mzima, akampa Yudith. "Kula, mwanangu," akamwambia.

Ndiyo hukumu hiyo. Jumbe alikula pia, tena aliongezwa, na akaondoka bila kutaja Mpwapwa. Sila aliporudi kutoka kwenye reli alikuta makapu uani kwa kila jirani, akauliza kumeingia nini. Na Mama Sila? Huyo ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Alizunguka na kapu kichwani, Hombolo, Buigiri, mpaka kwa Waridi kule Mpwapwa, akifundisha. Aliyeliita kapu la Yudith alisahihishwa papo hapo na Yudith mwenyewe: "Ni kapu la Ruthu." Basi likabaki na jina hilo mpaka leo.

Kwa mama anayesikiliza sasa hivi na kuni zimempandia bei, namna ni hii. Loweka kunde usiku. Zichemshe zitokote vizuri, usifanye haraka hapo. Makapi yawe makavu, yazidi chungu pande zote, chini na juu. Funika na nguo nzito. Halafu usifunue. Nasema tena, maana nawajua: usifunue kuonja.

Jumanne, wasikilizaji wapendwa, watu walikuja Hombolo kutoka kila upande kumzika Bibi Yudith. Mjukuu wake, Yotham, anasimulia kwamba wageni wa mbali walianza kunung'unika chini chini. Msiba mkubwa namna hii, na hakuna moshi hata wa jiko moja? Hawa watoto wake hawana aibu?

Tulipotoka makaburini, wanawake wa Hombolo walipanga makapu uani, safu kwa safu, yamefunikwa kaniki. Wakafunua yote kwa pamoja. Mvuke ulipanda ukaujaza ua wote, na watu waliokuwa wanalia wakapiga vigelegele. Bibi Priska akachota kwenye kapu la kwanza, akaonja, watu wakimwangalia. "Chumvi bado," akasema. Wakacheka, wakalia, wakala wakashiba wote.

Kwako Bibi Priska, kwako Yotham, kwa ukoo wote wa Sila na kwa kila jiko la Hombolo, poleni sana. Mmempoteza mama, na sisi tumempoteza mwalimu. Mungu ampumzishe pale alipo Ruthu, wamalizie ule ugomvi wao wa karanga.

Na wewe unayesikiliza, tafakari jambo moja jioni hii. Ukiona nyumba ya jirani haitoi moshi, usikimbilie kwa balozi wa nyumba kumi. Piga hodi, uingie, umuulize anapikaje.