Daktari Vioo na Mwaka Ambao Mkewe Hakupewa

Tunayemzika leo alizaliwa tarehe 3 Juni 1956, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha kutia rangi vitambaa. Alikuwa mtoto wa kwanza. Wa pili, na wa mwisho, ni huyu mdogo wake anayewasomea maneno haya. Baba yao alifanya kazi kiwandani kwenye mapipa ya rangi, na vidole vyake havikutakata hata siku ya harusi yake.

Alianza shule mwaka 1964. Mwalimu wa hesabu alimwita Kwanini, kwa sababu ndilo neno alilolijua kuliko jina lake. Mwaka 1970 baba yake alianza kukojoa damu na hakumwambia mtu. Alikuwa akifua suruali zake mwenyewe uani, na mama akawa anamsifia kwa majirani kwamba siku hizi mume wake amekuwa msaada. Jambo lilipojulikana, mzee hakuweza tena kusimama. Alifariki mwaka uliofuata kwa saratani ya kibofu cha mkojo. Mtoto wake aliendelea na sekondari, akaingia chuo cha udaktari, akamaliza mwaka 1983. Kisha akarudi darasani kusomea kazi ya kutambua ugonjwa kwa kuitazama nyama ya mgonjwa kwa darubini, akahitimu mwaka 1988.

Kazi yake yote aliifanyia mahali pamoja, maabara ya hospitali kuu, chumba cha chini kabisa ambacho madirisha yake yanatazama magurudumu ya magari ya wagonjwa. Kipande cha nyama kilichotolewa kwa mgonjwa huletwa pale ndani ya kichupa. Kinagandishwa kwenye nta, kinakatwa chembamba kuliko karatasi, kinalazwa juu ya kioo na kutiwa rangi ya zambarau na ya waridi. Ndipo yeye anainama kwenye darubini na kusema huyu ana nini. Watoto wa mtaani wakamwita Daktari Vioo, naye akaitika.

Utafiti wake wa kwanza ulikuwa juu ya saratani ya kibofu kwa watu wa viwanda vya rangi. Hakuna aliyemuuliza kwa nini alichagua huo. Baadaye akahamia kwenye saratani ya tezi dume, kile kiungo kidogo cha mwanamume kinachokaa chini ya kibofu. Alieleza hivi: wazee wengi wana saratani ya tezi dume iliyo mvivu, wataishi nayo na kuzikwa nayo bila yenyewe kuwaua. Wengine wana iliyo kali, na hao wasipopasuliwa au kupigwa mionzi mapema, itatoka kwenye tezi na kwenda kwenye mifupa. Alitafuta namna ya kuzitofautisha, ili mzee mwenye mvivu asikatwe bure bali awe anaangaliwa, na mwenye kali asicheleweshwe. Aliandika sana juu ya jambo hilo na wenzake wa mbali walimsoma.

Kulikuwa na sheria moja aliyoiweka mwenyewe pale maabara. Kila kioo kisomwe na watu wawili, kila mtu kwa wakati wake, jina la mgonjwa likiwa limefunikwa. Kila mmoja anaandika ukali wa ugonjwa kwa namba. Namba ndogo ni mvivu, kubwa ni mkali. Zikipishana, wanakaa pamoja mpaka wapatane. "Mimi nikiamka vibaya," alikuwa akiwaambia wanafunzi, "mzee wa watu asikatwe kwa sababu hiyo."

Mke wake alikuwa fundi cherehani, mwenye kibanda mkabala na lango la hospitali. Mwaka 1989 aliletewa koti jeupe lenye mfuko uliochanika na madoa kifua kizima.

"Koti hili umechinjia?"

"Ni rangi, dada. Tunawapaka wagonjwa."

"Wakipakwa wanapona?"

"Hapana. Wanajulikana."

"Haya, mfuko nitakushonea. Hayo ya kujulikana yako."

Wiki iliyofuata mfuko ulikuwa umechanika tena, na iliyofuata tena. Mara ya tatu fundi aliugeuza kwenye mwanga. "Kaka, kitambaa hakichaniki kwa mstari wa rula. Huu umekatwa kwa wembe."

"Maabara kuna nyembe nyingi."

"Na ulimi pia unao. Ungeutumia huo, koti lingepona."

Wakaoana tarehe 16 Desemba 1990. Walijaliwa binti mmoja na mwana mmoja. Fundi hakuwahi kukanyaga darasani, na mume alimwahidi kumfundisha kusoma. Alianza kwa bidii, akimwandikia herufi kwenye karatasi za kukatia nguo, mpaka mke akaweza kusoma maneno ya kwenye mfuko wa sukari. Hapo kazi ikamvuta. Waliomalizia ni watoto, na ndiyo maana mkewe, mwenye haya maneno, ameyaandika kwa mkono wake. Wageni wa hospitali walipokuja nyumbani na mazungumzo yakafika kwenye vioo, marehemu alikuwa akisema kwa upole, "Mama watoto, tuangalizie chai." Alikuwa mume mwema. Hakuwahi kuinua mkono wala sauti. Lakini kulikuwa na mlango mmoja katika maisha yake ambao mkewe aliishia kizingitini akiwa na sinia mikononi.

Katikati ya mwaka 2022 alianza kuamka amka usiku, na akiingia chooni alisimama muda mrefu. Mkewe akamwambia, "Hiyo ni chai yako ya jioni." Akacheka, akapunguza chai. Mwezi wa tisa akasema anakwenda kwenye semina. Alirudi anatembea kama mtu aliyeendesha baiskeli isiyo na kiti.

"Semina gani hii? Mlikalia misumari?"

"Viti vya mbao, mama watoto."

Mkewe akamwekea mto.

Baada ya hapo akawa anatoka nje kila akipigiwa simu. Aliyekuwa akimpigia ni mwanafunzi wake, daktari wa kike mwenye umri wa binti yao. Mwanamke mwingine angewaza nini? Mkewe alifunga cherehani, akajifunga kitambaa kichwani na kuingia hospitali kwa mguu wa vita. Alishuka ngazi, akasukuma mlango wa maabara bila kubisha. Akawakuta wamekaa uso kwa uso, vichwa vimeinama, kwenye ile darubini ya kufundishia yenye macho pande mbili.

"Naona nimekatiza," alisema.

Mwanafunzi alisimama na kumpa kiti. Marehemu hakushtuka. "Karibu, mama watoto. Umeniuliza miaka yote ninaangalia nini. Njoo uone."

Aliinama akatazama. Zilikuwa duara za zambarau juu ya waridi, nyingine zimepangika, nyingine zimebanana. Hasira zilimwisha bila yeye kutaka.

"Kizuri," alisema. "Kama kitambaa cha maua. Cha nani?"

"Cha mzee mmoja."

"Atapona?"

"Huyu mvivu tu. Ataangaliwa."

Alirudi kibandani ametulia. Utulivu huo haukukaa, kwa sababu simu ziliendelea, na mwaka uliofuata wote alilala amegeukia ukuta, amempa mume wake mgongo. Alikwenda kwa dada yake akakaa miezi. Alipokea oda za sare ambazo hakuzihitaji, ili awe na sababu ya kuchelewa kurudi nyumbani. Mzee alikuwa akimngoja na chakula kimefunikwa.

Mwezi wa kumi mwaka 2023 marehemu alishindwa kuinuka kitandani kwa maumivu ya mgongo. Siku hiyo ndipo alipomwambia. Saratani ilikuwa imetoka kwenye tezi, iko kwenye mifupa. Alipewa sindano na vidonge vya kuituliza, akapigwa mionzi ya kupunguza maumivu. Mkewe alimuuguza kwa mikono yake mwaka mzima. Siku moja akimkanda miguu, marehemu alimuuliza, "Nikufanyie nini, mama watoto, na mimi ndiye huyu?"

"Nirudishie ule mwaka."

Alifariki nyumbani, Jumanne tarehe 8 Oktoba 2024, saa nne asubuhi, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mkewe.

Yaliyobaki mkewe aliyasikia jioni ya siku hiyo. Mwanafunzi alimfuata jikoni, akakaa kwenye kindoo kilichofunikwa, akalia kwanza.

"Mama, kioo kile ulichokiona kilikuwa cha mwalimu."

Marehemu alikuwa ametolewa nyama na daktari mwenzake, zile siku za semina. Jina lilifunikwa kama sheria inavyotaka, lakini kioo alikitia rangi yeye mwenyewe na alikijua. Ilimpasa akiache kisomwe na wengine. Akakisoma. Akaandika namba ya mvivu. Mwanafunzi, ambaye alikuwa hajui ni cha nani, aliandika namba ya mkali. Zikapishana, akawa anampigia mwalimu simu juu yake, mwisho wakakaa kwenye darubini, na ndipo mke alipoingia. Baada ya kuondoka kwake, mwalimu alimwonyesha mwanafunzi mahali akamwambia, "Hapa umeona kivuli."

"Nikafuta yangu," alisema mwanafunzi. "Ningembishia vipi, mama? Yeye ndiye aliyenifundisha kuona. Nilipojua ni chake, nilimwomba akuambie. Akanikataza."

"Alisemaje?"

"Mama, usiniulize."

"Nimeshakuuliza."

"Alisema, 'Yule hajasoma. Nikimtajia saratani, atanizika kesho.'"

Mkewe aliuliza neno moja tu, kama siku ile kingesomwa kwa haki ingekuwaje. Mwanafunzi alisema ugonjwa ulikuwa bado ndani ya tezi, na wengi wa aina hiyo wakipasuliwa wanaishi. Hakusema wote, wala mkewe hakutaka wote. Hata kama angekufa vilevile, mkewe asingeugeukia ukuta. Kumpenda mtu mgonjwa hakuhitaji shule.

Jumatano mdogo wake marehemu alikuja kuuliza maneno haya yatakaaje.

"Shemeji, weka tu aliugua kwa muda mfupi. Ndivyo watu wanavyoandika."

"Mfupi kwa nani?"

"Wakwe watakuwepo. Mambo ya chini ya kitovu hayasomwi kaburini."

"Kaka yako ameyasoma maisha yake yote, akapewa na cheti."

"Alisoma ya watu."

"Na yake pia alisoma, akajisomea anachotaka. Baba yenu alifua suruali, kaka yako akafunika kioo. Wewe sasa unataka kufunika karatasi."

Shemeji alikizungusha kikombe mezani, hakunywa. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Hata mimi naamka amka, shemeji. Tangu mwaka jana."

"Mkeo anajua?"

"Anadhani ni baridi."

"Basi mimi si wa kuambiwa wa kwanza. Yuko hapo nje."

Alitoka. Mjane alikuwa dirishani. Aliwaona wamesimama kando ya tangi la maji, mwanamume anaongea anatazama viatu vyake, mwanamke anasikiliza. Aliona yule mwanamke akiweka mkono mdomoni, kisha akiuondoa na kuuweka mgongoni kwa mumewe, akauacha hapohapo. Mjane akaona wivu ambao hana pa kuupeleka. Jumatatu wawili hao wanakwenda hospitali pamoja. Shemeji amekubali yasomwe yote, hili la kwake likiwemo, na kwamba ayasome yeye. Wanaume mliosimama hapa mmemsikia kwa masikio yenu.

Marehemu ameacha mjane, binti, mwana, wajukuu watatu, mdogo wake mmoja na mke wa mdogo wake, pamoja na wanafunzi wake wa maabara, ambao mkewe anawaomba wasifute tena namba zao kwa ajili ya heshima ya mtu.

Udongo umpokee kwa upole, apate pumziko aliloliahirisha miaka yote. Mkewe angemchukua hata leo, akiwa mgonjwa vilevile, mradi awe ameambiwa.