Siku Ndugu Zangu Walipokuja Kuniokoa kwa Mke Wangu

Mwenyekiti wa chama chetu hiki cha wanaume aliponipigia simu kuniomba nitoe ushuhuda, nilimwambia sina. Sijawahi kulewa nikalala mtaroni, sikuuza shamba la watoto, sikutoroka nyumbani. Akasema, "Mwalimu, sisi wote tulikuona ukiisha mwili." Basi, ndugu zangu, na kina mama mliokubali kukaa nasi leo, ndiyo maana nimesimama hapa. Sitataja jina la mtu. Wengine mtajijua, na nikiwaona mkicheka nitajua mmejijua.

Wengi mnanifahamu kama mwalimu wa chuo hapa Nyeri na mwandishi wa makala magazetini. Mwenye bucha mmoja pale stendi aliwahi kuniambia makala zangu ni nzuri sana, akifungia nyama karatasi yake haivuji damu. Nilimshukuru. Mwandishi hupokea sifa zinapopatikana.

Nilizaliwa Kianyaga, upande ule wa mlima ambako kahawa inakwisha na chai inaanza. Nilikula kama watoto wote wa kule, bila mawazo. Mama alikuwa akiacha githeri, yale mahindi na maharagwe yetu, kwenye sufuria usiku, na asubuhi anaikaanga kwa kitunguu mpaka inashika chini. Hiyo iliyoshika chini ndiyo tuliyokuwa tukipigania, mimi na kaka yangu, kila mmoja na kijiko chake, ukungu ukiwa bado umekalia migomba na moshi ukitokea juu ya mabati. Sikumbuki kujiuliza hata mara moja kama nimekula kiasi au nimezidisha. Njaa ilikuwa njaa tu, na shibe ilikuwa shibe. Sikujua kwamba huo ulikuwa utajiri.

Nilikuwa mnene. Shule ya bweni waliniita Gunia, na mimi nikacheka nao. Mtu mnene akiwa mcheshi hakuna anayemuuliza kama anaumia. Nilikwenda na jina hilo kimoyomoyo hadi chuo kikuu, hadi kazini, hadi kwenye ndoa. Mke wangu hajawahi kulitamka. Mimi nilijiita hivyo kila nilipopita mbele ya dirisha la duka.

Nilipofika umri wa makamo, daktari akaniambia presha iko juu na sukari inabisha hodi. Akasema punguza. Nami nilipunguza jinsi nilivyosoma chuoni, bila kujua mahali pa kuachia. Mwanzoni ilikuwa furaha tupu. Mlinisifu, nyinyi wenyewe. Mmoja alinishika bega pale nje ya kanisa akasema, "Mwalimu, umekuwa kijana. Mama watoto anakulisha nini?" Nawaambia ukweli, sijawahi kusifiwa vile kwa jambo lolote nililoandika.

Halafu nikashindwa kukoma. Nilikuwa nimejiahidi kwamba nikifika mahali fulani nitatulia, lakini kila nilipofika niliona mahali pengine mbele. Sahani ya ugali ikawa kama mbwa mkali aliyefunguliwa. Na kichwani sikufikiria kitu kingine ila chakula, mchana kutwa. Nilisahihisha mitihani ya wanafunzi huku nikipika viazi ndani ya akili. Nilivaa sweta mbili mwezi wa pili, jua la Nyeri likiwaka. Nilipochana nywele, zilibaki kwenye kichana.

Nilikuwa hodari wa kujificha. Chama hiki kikichoma mbuzi, nani alikuwa anashika kisu? Mimi. Mkata nyama anaheshimiwa, anazunguka na ubao, anachagulia huyu ubavu na yule figo, na hakuna anayemtazama mdomo. Mlisema nina mkono mzuri. Miezi mingi niliwalisha hivyo, nikarudi nyumbani nikinuka moshi na mafuta, na tumboni mna chai ya rangi.

Sifa zikaisha. Yule aliyeniita kijana akaniuliza pembeni kama nimepima. Wengine wakasema ni ulcers, vidonda vya tumbo, nikaletewa mtindi, asali, na kabichi mbichi iliyosagwa, ambayo siwezi kumtakia adui yangu. Lakini maelezo yaliyoshinda yote, ndugu zangu, ni kwamba mimi mtu wa Kianyaga nimeoa Nyeri.

Mnajua sifa ambayo nchi nzima imewapa wanawake wa hapa, kwamba huwapiga waume zao. Mkitaka kucheka, chekeni sasa, maana mbele hakuchekeshi sana. Jirani yangu mmoja alinisimamisha njiani.

"Mwalimu, kwako iko ng'ombe tatu za maziwa na wewe unakaa kama fito. Mama anakufungia jikoni?"

"Hapana. Anapika vizuri sana."

Akaangalia nyuma yake, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Sawa, sawa. Najua huwezi kusema."

Kila nilipomsifu mke wangu walizidi kunihurumia. Waliona namsifu kwa woga. Naye sokoni walianza kumsalimia kwa ncha ya mdomo. Siku moja mama mmoja anayeuza mboga alimwambia mbele ya watu, "Hata mbwa yenu imenona kuliko bwana yako." Alirudi nyumbani akaweka kiondo chini, akakaa bila kuvua kitambaa cha kichwa. Na mbwa alikuwa amenona kweli. Mnaweza kukisia alikuwa analishwa na nani, chini ya meza.

Msidhani mke wangu alikaa tu. Alipika kila nilichowahi kupenda. Alinibembeleza, tukagombana, akaniombea, akanyamaza. Akisema "kula kidogo", mimi nilisikia "Gunia". Akinyamaza, nilisikia kwamba amechoka nami. Hakuwa na njia ya kushinda. Mwishowe aliniambia, bila hasira, "Sijui kama mwaka ujao utakuwepo. Nataka tu ujue kwamba nimeona."

Habari zikavuka mto zikafika Kianyaga, na huko zikaongezwa chumvi. Jumapili moja baada ya ibada, gari likaingia uani. Akashuka kaka yangu mkubwa, binamu zangu wawili, na mbuzi. Walivaa makoti kama watu waendao kuposa. Walikuwa wamekuja kuniokoa.

Mke wangu aliwapokea vizuri. Akakoroga uji, akaponda mukimo wa viazi na mahindi, mbuzi akachomwa nyuma ya nyumba. Nyama ilipoiva nikanyoosha mkono kuchukua kisu kama kawaida yangu. Kaka akakishika kwanza.

"Leo kisu nipe mimi. Wewe kaa chini ukatiwe."

Akanikatia. Nyama nzuri, laini, karibu na mfupa, ile niliyokuwa naililia utotoni. Akaongeza mukimo juu yake, akaiweka sahani mapajani mwangu. Wote wakaacha kula. Nilishika kipande kimoja, nikakiinua, nikakirudisha. Nilikuwa nimeshindwa na kipande cha nyama mbele ya watu walioniona nikipigania makoko ya githeri.

Kaka akamgeukia mke wangu. "Shemeji, sisi hatukuja kwa ubaya. Lakini huyu mtu wetu tulikupatia akiwa mzima. Umemfanyia nini? Tumeamua tunarudi na yeye nyumbani."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi. Akaiweka chini taratibu.

"Mkirudi na yeye, mtampikia nini ambacho mimi sijapika?"

Kaka akaweka kisu chini, na mke wangu akaendelea.

"Mnasema mimi ni mtu wa Nyeri. Kweli, mimi ni wa Nyeri. Kama dawa ya hii kitu ingekuwa kupigwa, huyu angekuwa amepona kitambo."

Binamu mmoja akaangua kicheko, hakuweza kujizuia, na mke wangu mwenyewe akacheka naye. Kisha uso wake ukabadilika katikati ya kicheko, akalia. Sikuwa nimemwona akilia tangu tumzike mama yake. Alilia amesimama, mikono imelegea, mbele ya watu waliokuja kumhukumu.

Hapo ndipo nikasema. Sikupanga. Nilisema, "Si yeye. Mimi naogopa chakula."

"Unaogopa nini?" kaka akauliza. "Mukimo?"

"Mukimo. Na nyama. Na kunenepa. Nataka kula na siwezi."

Kaka akavuta kiti karibu yangu. Mtu huyu hajui kunong'ona, amelima kahawa maisha yake yote na hupigia watu simu kana kwamba wako ng'ambo ya bonde. Lakini aliuliza polepole, "Tangu lini, kijana ya mama?" Nikamwambia. Akaondoa sahani mapajani mwangu, akaiweka mbali, akasema, "Basi hii si mambo ya mbuzi."

Kesho yake alinipeleka hospitali. Walinipima kila kitu. Majibu yakarudi safi, kaka akafurahi, "Si mnaona? Hana kitu." Daktari akamwambia kwamba moyo wangu unapiga kama wa mtu aliye usingizini, ilhali nimesimama, na kwamba siwezi kurudi nyumbani. Nililazwa. Baadaye akaja mshauri, mama mmoja mpole, akautaja ugonjwa kwa Kiingereza, akautafutia jina la Kiswahili akalikosa. Akasema tu ni ugonjwa wa akili unaokaa kwenye sahani, na kwamba unaua.

"Lakini hiyo si ni ya wasichana wa mjini?" kaka akauliza.

"Na huyu hapa ni msichana?"

Kaka akanitazama, mimi na ndevu zangu za mvi, akakubali kushindwa. Hata hivyo alipofika Kianyaga aliwaambia watu ni ulcers. Simlaumu. Nilikuwa na digrii mbili na bado mimi mwenyewe sikuwa na neno.

Sikupona kama mtu anavyopona malaria. Nilitoka, nikaanguka, nikarudi. Nilimdanganya mshauri na akanijua. Kilichonisaidia ni jambo dogo ambalo karibu niliache. Yule mshauri aliwaita mke wangu na kaka, akawaambia wasiniulize nimekula kiasi gani, wasiseme nimenona wala nimekonda, na mke wangu asiwe askari wa sahani yangu. Nile mlo niliopangiwa, nisile peke yangu, na watu waongee mambo mengine.

"Sasa tutaongea nini?" kaka akauliza, na aliuliza kwa dhati. Sisi watu wa mlima tukikutana tunaangaliana mwili kwanza. Umenona ni hongera, umeisha ni pole. Tukimaliza hapo tunaingia kwenye habari za mvua.

Basi akawa ananipigia simu saa ya chakula cha jioni. Mke wangu anaiweka mezani, sauti ya kaka inajaza nyumba, na kwa kuwa alikuwa amekatazwa habari za mwili wangu, alirudi kwenye habari za zamani. Usiku mmoja alikumbuka tulivyotumwa kulinda mahindi dhidi ya nyani. Tulichoma mahindi yale wenyewe, tukala, tukamwambia mama ni nyani.

"Na unakumbuka mama alisema nini?" kaka akauliza.

Nilikumbuka. Mama alisimama juu ya jivu letu, akaligeuza kwa fimbo, akasema, "Nyani za siku hizi zinajua kuwasha moto."

"Na ni wewe ulisema ati tuzike magunzi," kaka akasema.

"Ni wewe. Mimi ndiye nilichimba."

"Ulichimba kidogo hivyo, hata kuku ingefukua."

Tulibishana hivyo, tukicheka, nami nikauona mdomo wangu wa wakati ule, mweusi kwa masizi, nikiuma hindi la moto bila kuliogopa. Nikaangalia sahani yangu. Nilikuwa nimemaliza. Mke wangu alikuwa ameona, lakini aliinuka akaenda kuchukua maji kana kwamba hakuona lolote. Ndugu zangu, nawaambia, hakuna zawadi niliyopewa maishani kubwa kuliko yale maji.

Sasa ninakula. Siku nyingine kwa shida, siku nyingine nasahau kwamba ni shida. Nimerudisha mwili, na siku za kwanza suruali ziliponibana nilirudi kwa mshauri mbio. Kaka bado anapiga simu, ingawa hakuna tena anayemtuma. Hadithi zimemwishia, anazirudia, na zile nyani zimeongezeka idadi.

Namshukuru yeye, na binamu zangu waliokuja na makoti yao. Namshukuru yule mshauri asiyekasirishwa na uongo wangu. Nakushukuru wewe, mama watoto, uliyebeba aibu isiyo yako katika soko lile. Nyinyi wanaume mliomsema, baadhi yenu mmeshakuja kwangu kuomba radhi. Sasa mwendeeni yeye.

Na mmoja wenu ananisikiliza hivi sasa akiwa anajua kabisa ninachosema, kwa ajili yake mwenyewe au kwa ajili ya binti yake, au kijana wake. Huo si ujinga, si kiburi, si mke. Ni ugonjwa, na una watu wanaoutibu. Uniulize, nitakusindikiza. Na sisi wengine tuache kupimana kwa macho. Mtu akiisha mbele yako, usimwambie ameisha, hilo analijua. Mwulize analala vipi, kaa naye, rudi tena.

Nasikia sufuria zinafunguliwa kule nyuma. Nitakula pamoja nanyi leo, polepole, na huenda nikawa wa mwisho kumaliza. Anayetaka kukaa karibu nami anakaribishwa. Aje na hadithi, macho ayaache kwenye sahani yake.