Kifo cha Radoš Chaahirishwa

Kijiwe chetu ni benchi moja mbele ya duka la mama Vidosava, na asubuhi ile tatizo lilikuwa la Radoš, mkulima wa plamu. Alikopa kununua trekta, akakopa kulipia trekta, halafu akakopa kumwoza bintiye kwa bendi mbili za tarumbeta, kwa kuwa jirani yake alileta moja. Sasa Ijumaa benki inachukua nyumba. Kainamia kikombe, hadi nikamwonea huruma.

Waziri, dereva wa basi mstaafu, ndiye aliyeanza.

WAZIRI: Ipake nyumba rangi. Wao watatafuta ya njano!

RADOŠ: Na namba ya mlangoni?

WAZIRI: Ng'oa.

Daktari, aliyekuwa mpishi hospitalini, akacheka kwa dharau.

DAKTARI: Umechemka, Waziri. Dawa ni Radoš afe.

RADOŠ: We!

DAKTARI: Kidogo tu, kaka. Tunabandika tangazo la msiba nguzoni, na picha yako, kama marehemu wengine. Mtu wa benki anasoma, anavua kofia, anarudi zake.

MIMI: Tupike na chakula cha matanga, aamini kabisa.

RADOŠ: Kwa hela gani?

WAZIRI: Si unakopa!

Daktari akaandika tangazo kwenye karatasi ya kufungia soseji, akalibandika nguzoni kwa asali, na picha ya Radoš juu yake. Radoš akaomba liongezwe "mpendwa wa wengi".

Akapita Desanka, mama aliyehamia mtaani juzi, akifuata mkate. Akalisoma.

DESANKA: Poleni na msiba.

RADOŠ: Asante, mama.

DESANKA: Kumbe ni wewe, yule wa madeni anayesemwa dukani! Sasa ukifa, mkopo atalipa nani?

Nikatazama viatu vyangu. Kwenye slava ya Radoš, sikukuu ya mtakatifu wa nyumba yake, nilimtilia saini ya udhamini wa mkopo. Utamkataliaje mtu huku unatafuna nguruwe wake? Nilidhani niko peke yangu. Kuinua macho, Waziri naye anatazama viatu. Daktari kawa mwekundu.

Mara Daktari akarukia nguzo, akalichana tangazo vipande vipande.

DAKTARI: Radoš, umekula? Zima hiyo sigara!

WAZIRI: Funga skafu, ndugu yangu, kuna upepo.

MIMI: Twende benki wote, tuwaombe ulipe kidogo kidogo. Trekta uza.

RADOŠ: Jamani, mnanipenda hivi?

Tukamweka katikati, tukamshika mikono, na kila barabara tuliivuka baada ya kutazama pande zote mbili.